Siri ya Nyumba na Ushahidi wa Mtoto: Kuhusu "Utoto" wa Maxim Gorky

Katika fasihi yetu, malezi yanapozungumzwa, sauti iliyozoeleka ni ya mzazi. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake yapata mwaka 1858 ili kumwusia binti yake. Shaaban Robert, katika Maisha Yangu, aliwawekea wanawe tenzi mbili za wasia: Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Mkubwa husema, mdogo husikiliza. Tawasifu ya utoto huupindua mpango huu. Humo mwana ndiye msemaji, nao waliomlea ndio wanaowekwa mizanini. Na ikiwa malezi yenyewe yalikuwa ya mateso, msomaji aliyekuzwa kwa adabu za kwetu hana budi kujiuliza: je, ni halali kwa mtu kuyaanika mambo ya nyumba iliyomlisha? Makala haya yanakusudia kulitafakari swali hilo kwa kukipitia kitabu cha Maxim Gorky kiitwacho Utoto, ambacho kinalikabili swali lilo hilo bila ya kulikwepa.

Gorky si jina la kuzaliwa. Mwandishi huyu alizaliwa mwaka 1868 huko Nizhny Novgorod, mji wa Urusi ulio ukingoni mwa mto Volga, akaitwa Aleksei Peshkov. Mwaka 1892, hadithi yake ya kwanza ilipochapishwa gazetini, alijichagulia jina ambalo kwa Kirusi lina maana ya "mchungu". Utoto kilitolewa kati ya mwaka 1913 na 1914, sifa zake zikiwa zimekwisha kuenea mbali. Kilifuatwa na vitabu vingine viwili vinavyoendeleza maisha yake hadi ujanani.

Masimulizi yanaanza na msiba. Baba amelazwa sakafuni, amekufa kwa kipindupindu. Makaburini mvua inanyesha, na vyura wawili wamerukia juu ya jeneza lililokwisha teremshwa. Udongo unapofukiwa, mtoto hamlilii baba yake; jambo linalomshughulisha, na ambalo anamwuliza bibi yake njiani, ni kama vyura wale wataweza kutoka. Mwandishi dhaifu angalimpa mtoto huyo machozi mengi na maneno ya mtu mzima. Gorky amemwachia akili yake ya kitoto, na uchungu wote ukabaki kwa msomaji, ambaye anafahamu kilichozikwa pale. Katika kitabu kizima jicho linaloona ni la mtoto, na mkono unaoandika ni wa mtu mzima ambaye hana haraka ya kuhukumu.

Baada ya mazishi, mtoto anapelekwa kwa babu yake mzaa mama, Vasily Kashirin, mwenye kiwanda cha kutia nguo rangi. Katika nyumba hiyo watoto huchapwa kila Jumamosi kwa makosa ya juma zima. Aleksei, akivutiwa na ufundi wa rangi, anakitia kitambaa cheupe cha meza katika pipa la rangi ya buluu. Babu anamchapa fito mpaka anazimia, na anaugua siku kadhaa. Ivan, kijana aliyeokotwa mlangoni akiwa mchanga na kulelewa humo, anauweka mkono wake chini ya fito ili mapigo yampate yeye, kisha anamwonyesha mtoto mkono uliovimba.

Lakini kitendo cha mwandishi kinachostahili kuangaliwa sana ni kile kinachofuata. Babu anakuja kitandani kwa mgonjwa, mikononi ana vitu vitamu na matunda. Anaketi, anasimulia. Anaeleza jinsi yeye mwenyewe alivyopigwa utotoni, na jinsi alivyovuta majahazi kwa kamba ya begani, akitembea kwa miguu ukingoni mwa Volga, mto ukimpinga. Mtoto anasikiliza, na mzee yule mdogo mkavu anakua mbele ya macho yake kama mtu wa ngano. Hapo hatuambiwi kwamba kipigo kilikuwa halali. Hatuambiwi pia kwamba babu ni shetani. Tunaonyeshwa mtu aliyeonewa, ambaye alipopata uwezo hakujua njia nyingine ya kuutumia.

Ndipo uhakiki unapolazimika kutoka ndani ya nyumba na kuitazama jamii. Mtoto huyu alizaliwa miaka saba tu baada ya sheria ya mwaka 1861 iliyowaondoa wakulima wa Urusi katika umilikiwa wa mabwana ardhi. Wazee wake walikuwa wamefunzwa na mfumo ambamo fito ilikuwa ndiyo lugha ya mkubwa kwa mdogo. Katika nyumba ya Kashirin, wajomba wawili wanapigania urithi huku baba yao angali hai. Ivan anakufa kwa kulemewa na msalaba mzito wa mti, aliotwishwa kuupeleka kaburini kwa mke wa mjomba mmoja, ambaye naye alikufa kwa mapigo ya mumewe. Grigory, fundi aliyeutumikia ukoo huo mpaka akapofuka, anaishia kuombaomba barabarani. Maonevu yanashuka ngazi baada ya ngazi, na mtoto yuko chini ya wote.

Tukirudi kwa swali letu, jibu limo katika tukio moja ambalo msomaji wa Kiswahili hatalisahau. Babu amempiga bibi kichwani, na chupio za nywele zimezama katika ngozi. Bibi anamwomba mjukuu azichomoe. Mtoto anaogopa, anataka kumwita mama yake. Bibi anakataa kwa ukali, anamshukuru Mungu kwamba binti yake hakuona, kisha anamwapisha mtoto asimwambie mama kitu, kwani baba na binti hawaelewani tangu hapo. Mtoto anaahidi. Hii ndiyo sitara tunayoijua sisi: mwanamke anayeumizwa, akawa yeye ndiye mlinzi wa heshima ya aliyemwumiza. Nayo sitara hiyo haikosi hekima, kwa kuwa bibi anajaribu kuzuia moto usienee.

Hata hivyo, ukurasa tunaousoma ni ushahidi kwamba ahadi ile haikudumu. Gorky aliitimiza alipokuwa mtoto, akaivunja alipokuwa mwandishi, miaka mingi baada ya babu na bibi kufariki. Je, alimsaliti bibi? Sivyo tunavyoona. Ahadi ya mtoto ilikuwa ya kuzuia ugomvi wa siku ile. Ingalibaki milele, ingalimlinda babu peke yake. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na maradhi ya nyumba ile yalikuwa ni maradhi ya nchi.

Mwandishi mwenyewe analijibu swali hili waziwazi. Baba wa kambo anampiga teke mama, na mtoto anamrukia kwa kisu cha mkate. Hapo Gorky anayasimamisha masimulizi, anajiuliza kama inafaa kuyakumbuka mambo machafu kama haya, na anajibu kwamba inafaa, kwa sababu uovu huo haujafa, na sharti ujulikane mpaka mzizi wake ili ung'olewe. Anaongeza sababu ya pili, nayo ina matumaini: katikati ya uchafu huo wote, wema wa mwanadamu unaendelea kuota.

Kwetu sisi, kitabu hiki kinatulazimisha kuzipima upya baadhi ya methali zetu. Tunasema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Wengi wameitumia methali hii kuhalalisha fimbo, ingawa yenyewe haitaji fimbo; inataja ujasiri wa mzazi kumkataza mwanawe lisilofaa. Kashirin hakuchelea wanawe kulia, na bado alilia mwenyewe: mwandishi anatuarifu kwamba hatimaye mzee huyo naye alizunguka barabarani akiombaomba, kama Grigory.

Kitabu hakikosi dosari. Bibi, mwenye ngano zake na Mungu wake mpole, amechorwa kwa nuru nyingi kiasi kwamba mwandishi hajamuuliza swali lililo zito: subira yake hiyo, iliyomponya mjukuu, haikuwa pia imempa babu nafasi ya kuendelea? Mama naye anaonekana kwa mbali, kama mpita njia, ilhali mateso yake hayakuwa madogo. Msomaji mwangalifu atayajaza mapengo hayo mwenyewe.

Mwishoni mama anakufa, na siku chache baada ya kumzika, babu anamwambia mtoto kwamba hawezi kuendelea kumbeba. Na aende kwa watu. Hapo mtoto ana umri wa miaka kumi au kumi na mmoja. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, nasi huitamka methali hiyo kama tishio. Gorky aliufanya ulimwengu huo kuwa darasa, hata kitabu cha tatu akakiita Vyuo Vikuu Vyangu, ilhali hakupata kusoma katika chuo kikuu chochote. Fasihi yetu ina wasia mwingi wa wazazi, na ni hazina kubwa. Inahitaji sasa ushahidi wa wana, utolewe kwa uadilifu kama huu, unaotaja fito na mkono uliowekwa chini ya fito. Na siku utakapoletwa, wajibu wa kwanza wa sisi wakubwa utakuwa kukaa kimya na kuusikiliza.