Hesabu Miguu Kwanza

Juzi, katika ukumbi wa hoteli moja ya Pwani, nilisimama mbele ya picha iliyopewa zawadi ya kwanza. Vitwitwi mia na ushei wanapaa juu ya maji ya Mida, Watamu, mbawa zinameta, mikoko kwa nyuma. Watu wakapiga makofi. Mimi nikatafuta mlango. Ile haikuwa picha ya ndege. Ilikuwa picha ya mtu aliyewakurupusha ndege, ila mwenyewe hakuonekana.

Kwa kuwa waamuzi walikuwa watu wazima, nami nilinyamaza kwa adabu, niyaseme hapa.

Kuna mambo mepesi. Ndege wa topeni hupigwa picha kwa kulala kifudifudi, jicho lako na lake yawe sawasawa. Aliyepiga amesimama amepiga picha ya tope. Ikishapita saa tatu asubuhi jua limeharibu kila kitu, nenda ukanywe chai. Sululu mweusi tii mbele ya jua linalotua ni kalenda ya duka la vipuri. Ndege wakizidi saba hiyo si picha, ni sensa. Usiniulize kwa nini saba.

Lakini jambo ambalo mwanagenzi halioni kamwe ni mguu.

Maji yakijaa, tope la kula limefunikwa. Ndege hukusanyika palipobaki pakavu, wakauelekea upepo, kila mmoja akasimama kwa mguu mmoja, mdomo kaufukia katika manyoya ya mgongo. Hapo katulia. Msogelee kidogo: hataushusha ule wa pili. Atarukaruka kwa huohuo mmoja, hatua mbili tatu, na mgeni atacheka akidhani ndege ni kiwete. Hilo ndilo onyo la kwanza, tena la kistaarabu. Ukikaidi, mguu wa pili unashuka. Kisha shingo zinarefuka. Kisha kundi zima linauacha upepo na kukutazama wewe. Kupaa ni neno la mwisho, baada ya mengine yote uliyokataa kuyasikia.

Kwa hiyo kazi ya fundi utaijua kwa mguu mmoja na jicho lililofumba nusu. Miguu miwili na shingo juu, hapo pana mtu aliyesogea mno.

Tena mruko ule una gharama. Kufikia mwezi wa nne ndege hawa wanajaza mafuta mwilini. Chekeamwezi wa mdomo uliopinda anakwenda kuzaa Siberia, na kila akikurupushwa anaunguza akiba ya safari kwa ajili ya ukuta wa sebule yako.

Mzee mmoja wa Dabaso ndiye aliyenifunza. Siku za maji mafu hakujisumbua kutoka. Siku za bamvua alifika saa tatu kabla maji hayajajaa, akaketi chini ya mchu, akakaa kimya. Siku moja nilitaka kumnyemelea yule mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, mvunja kaa. Akanishika shati. "Mwanangu, huyo anachimba shimo mchangani huko Uarabuni, anataga yai moja tu, kisha anakuja mpaka hapa. Wewe kukaa saa mbili kunakushinda? Usimfuate. Maji yatakuletea." Na kweli maji yalimsukuma hatua kwa hatua, akila, mpaka nikashindwa kumwingiza mzima ndani ya lenzi.

Wadanganyifu nao nimewaona. Mmoja aliwalipa watoto warushe madongo, kisha akatuambia kwamba mwewe alipita. Mwingine alituonyesha chekeamwezi wekundu kama tofali, akaapa kuwa aliwapiga asubuhi ya Krismasi. Desemba ndege yule ni wa kijivu; wekundu humjia anapokaribia kuondoka. Manyoya yalijua mwezi, mwenye kamera hakuujua.

Zamani tulikuwa na filamu ya picha 36, na kila bonyezo lilikuwa fedha ya mboga. Mtu alitazama kwanza. Leo mashine inapiga ishirini kwa pumzi moja, na mwenye nayo anakwenda kuangalia nyumbani alichokiona. Labda ni uzee unaosema. Hata hivyo sijaona picha ya kundi tulivu ikishinda zawadi miaka hii, na ndege ni walewale.

Basi nanyi waamuzi, na wewe unayenunua picha ya kutundika: kabla hujasifu mbawa, hesabu miguu. Ukikuta mbawa tu, pasipo mguu hata mmoja uliokanyaga chini, uliza nani alikuwa amesimama nyuma ya kamera, na alikuwa anatembea kuelekea wapi.