Kamera Haikufika Nairobi: Kuitazama Tena Citizenfour

Watu wengi wakiikumbuka Citizenfour wanakumbuka kile kitambaa chekundu. Ni Juni 2013, Edward Snowden ameketi kitandani katika hoteli moja ya Hong Kong, na anajifunika kichwa pamoja na kompyuta yake ili aandike nenosiri. Mimi nilicheka. Kwani anamficha nani, na chumbani mna wanahabari aliowaita mwenyewe? Halafu inakuingia: nenosiri refu halisaidii kama kuna kamera darini.

Hapo ndipo Laura Poitras ananibamba. Filamu yake ya 2014, iliyoshinda Oscar mwaka 2015, haina pupa. Inaanza na taa za handaki lenye giza, huku Poitras akisoma barua pepe za mtu asiyemjua, anayemwonya ajiandae kwa adui anayeweza kukisia nenosiri mara trilioni moja kwa sekunde. Baadaye simu ya hoteli inachomolewa, king'ora cha moto kinalia, watu wanatazamana. Hofu yao unaiamini.

Lakini hadithi ya kijasusi hudai jitu upande mmoja na kijana mwerevu upande wa pili. Ukitoka hapo unaamini kwamba uchunguzi ni vita vya hesabu: wewe unafunga, NSA inavunja. Kwa kawaida mambo hayaendi hivyo. Mawasiliano yaliyosimbwa, yaani yaliyofungwa ili ayasome mwenye ufunguo tu, ni magumu kweli kuyavunja. Kwa hivyo anayetaka kukuchungulia hahangaiki kuvunja. Anachukua ufunguo, ama anasoma bahasha.

Tuanze na ufunguo. Katika ofisi nyingine, kompyuta unayopewa huja na cheti cha kampuni ndani yake. Ukifungua barua pepe yako, kuna mashine katikati inayojifanya ndiyo tovuti unayoitafuta. Inafungua mawasiliano yako, inayakagua, inayafunga tena na kuyapeleka mbele. Wewe unaona alama ya kufuli kwenye brauza, unatulia. Kufuli ni la ukweli, ila ni la mdosi. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan ilijaribu kuwafanyia raia hivyohivyo: watumiaji wa intaneti waliambiwa waweke cheti cha taifa kwenye vifaa vyao. Agosti mwaka huo Google, Mozilla na Apple zikakizuia kwenye brauza zao.

Na bahasha? Barua isipofunguliwa, bahasha bado inasema nani kampigia nani, saa ngapi, kwa dakika ngapi.

Ajabu ni kwamba filamu inalijua hili. Kuna kipande kifupi, mbali na ile hoteli, ambapo Jacob Appelbaum anawafundisha wanaharakati wa Occupy Wall Street. Anawaeleza kwamba ukinunua kadi ya treni ya New York kwa kadi ya benki, safari zako zinaweza kuunganishwa na jina lako. Hakuna kitambaa wala handaki, ni nauli tu. Mtu anayelipa matatu kwa M-Pesa kutoka Rongai hadi tao anaelewa bila kufafanuliwa. Kwangu hicho ndicho kipande bora cha filamu nzima, na Poitras anakipita kama matatu inayopita steji isiyo na abiria.

Sasa deni langu. Mei 2014, miezi mitano kabla ya filamu kuonyeshwa mara ya kwanza, jarida la mtandaoni The Intercept lilichapisha kwamba mpango wa NSA uitwao MYSTIC ulikuwa unakusanya bahasha za simu za Kenya, Mexico na Ufilipino. Huko Bahamas ilichukuliwa hadi sauti yenyewe. Poitras alikuwa mmoja wa walioandika ripoti hiyo. Filamu yake inaenda Brazil, inaenda Ujerumani, inaenda Brussels, kwenye vikao ambako wakubwa wanaulizia haki yao. Kamera haikufika Nairobi.

Si wivu. Filamu kuhusu watu wanaotazamwa inachagua pia ni nani ahesabike kuwa ameumia. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu kinalinda faragha ya mawasiliano. Sisi pia tulikuwa na kitu cha kuibiwa, na hatukupewa hata dakika moja kati ya zile 114.

Itazame bado, ni kazi safi. Ila Snowden akijifunika, usimkodolee macho yeye. Kodolea ile simu aliyoichomoa: kifaa cha mwenye hoteli, kwenye laini ya mwenye hoteli. Wengi wetu tunaishi upande huo wa chumba, na simu ya mkopo, waifai ya mkahawa na laptopu ya kazini ambayo hatujawahi kuuliza ina vyeti vya nani.