Mkarafuu Uliobaki kwa Wakwe

Katika ushairi wa Kiswahili talaka ina mlango mmoja, na anayetoka hapo ni mwanamke. Kichwani ana furushi, mkononi mtoto, na nyuma yake nyumba iliyobaki kwa mwenyewe. Washairi wa mwambao wameirudia picha hiyo kwa lugha tamu, hata msomaji haulizi tena nyumba ilijengwa na nani. Machozi yamehesabiwa, bati, kitanda na miche havikuhesabiwa. Huo ni upungufu wa sanaa kabla haujawa upungufu wa haki, maana asiyetaja vitu hawezi kusema kilichopotea.

Mshairi aliyezoea mlango huo na apande Uluguru, juu ya mji wa Morogoro. Waluguru huhesabu nasaba kwa mama. Titi kwa Kiluguru ni tombo, na hilo ndilo pia jina la kile ambacho watu wa pwani hukiita mlango wa ukoo. Matombo, upande wa mashariki wa milima, limebeba neno hilohilo. Ardhi ni ya mlango wa mama. Mwanamume aliyeoa na kuhamia kwa wakwe hulima kwa ruhusa, na ndoa ikivunjika, mara nyingi ni yeye anayeshuka mlima.

Hushuka na nini? Hapo ndipo pana shairi. Jembe huchukulika, hata mbuzi. Lakini Matombo na Kinole huota karafuu, mdalasini na pilipili manga, na mkarafuu hukaa miaka sita na zaidi kabla ya kuzaa. Aliyeupanda katika ardhi ya ukoo wa mkewe amepanda mgogoro, kwa sababu milimani mti na ardhi vyaweza kuwa na wenyewe wawili. Wasomaji wa visiwani, wanaoijua karafuu kuliko wanavyoijua Uluguru, hawahitaji kuelezwa uchungu wa kuacha mti siku chache kabla ya mavuno.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo haikuvuka bahari kuja Zanzibar, inasema katika kifungu cha 114 kwamba mahakama ikigawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja itazame mila za jamii ya wanandoa, madeni yao, mahitaji ya watoto wadogo, na mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Ni kazi ipi? Jibu lilikuja mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kuwa kupika, kufua na kulea ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kisha ikaona kwamba mama huyo alizitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia, na mchango wake ukafutika. Alifungua mlango, wakapita wengine.

Hukumu hiyo husifiwa na wanasheria. Haijasomwa vya kutosha na washairi. Iwekwe kando ya Utendi wa Mwana Kupona, wa mnamo 1858. Hakuna maandishi ya Kiswahili ya zamani yaliyoorodhesha kazi za mke kwa uangalifu kama ule: kumkanda, kumpepea, kumtengenezea chakula, kutomwamsha akilala. Wengine huulaumu utendi huo kwa kufundisha utiifu. Lawama hiyo ni nyepesi. Mwana Kupona alijua thamani ya kila tendo, ndiyo maana hakuacha hata moja bila kulitaja. Ila malipo aliyaweka akhera. Mahakama ilichukua orodha ya aina ileile ikaiwekea bei duniani.

Lakini kwa neno gani? "Mchango" ni neno la harusi, la kamati na kadi na majina yanayosomwa. Anayechanga hutoa sehemu ya chake katika shughuli ya mwenziwe, kisha hurudi kwake. Kumwambia mke wa miaka ishirini kwamba "alichangia" nyumba ni kumfanya mwalikwa. Wazee wana neno lililo karibu zaidi: jasho. Jasho halirudi kwa mwenyewe, huingia ukutani. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili lugha ya mahakama za Tanzania Bara, uchaguzi huo si mchezo wa watafsiri tena.

Na Uluguru neno hugeuka tena. Kinga iliyomfaa mwanamke wa Dar es Salaam, kwamba kazi nayo huzaa haki, milimani huenda ikadaiwa na mwanamume dhidi ya ardhi ambayo mkewe mwenyewe hawezi kuiuza, kwa kuwa ni ya mama zake na ya watoto wa dada zake. Nani amdai nani, ikiwa mke anamiliki kidogo kama mume, na aliye mbele ya hakimu si mlango wa ukoo?

Shairi la hilo bado halijaletwa mezani. Litakuwa na mwanamume barabarani, jembe begani, akiteremkia Morogoro mwezi ambao shemeji zake wanaegemeza ngazi kwenye mkarafuu wake.