Kilele cha Grafu na Meno ya Sproketi

Katika karatasi zote anazopewa dereva wa gokati, grafu ya nguvu ya injini ndiyo fupi zaidi, na ndiyo inayosomwa vibaya zaidi. Chukua ya Rotax 125 Max, injini ya mipigo miwili iliyoenea katika mashindano ya gokati. Mstari unaanzia chini kushoto, unajikokota, kisha unapanda ghafla hadi kilele jirani na mizunguko 11,500 kwa dakika. Baada ya hapo unaporomoka kuelekea 14,000, ambako kidhibiti hukata moto. Jicho la msomaji hukimbilia kileleni. Basi, hujiambia, nitafute sproketi, gurudumu la meno la mnyororo, itakayonifikisha 11,500 mwisho wa sehemu iliyonyooka.

Hapo mchoro umemzidi maarifa msomaji. Namba hazina kosa, ila umbo la mstari linamvuta aamini kwamba jibu ni nukta moja, na gokati yenye gia moja haikai kwenye nukta. Hata mwinuko ule mkali una sababu inayofaa kujulikana. Ekzosi yenye tumbo hurudisha wimbi la shinikizo kwenye silinda, nalo husukuma ndani mchanganyiko wa hewa na petroli uliokuwa unatoroka. Injini ikizunguka polepole mno, wimbi huwahi. Ikizidisha kasi, wimbi huchelewa. Kwa hiyo pande mbili za kilele ni dhaifu kwa sababu zinazopingana, na swali la kweli ni upande upi tukubali kuumia zaidi.

Tuseme kona ya polepole kuliko zote hupitwa kwa kilomita 56 kwa saa, na mwisho wa sehemu iliyonyooka dereva hufika 98. Uwiano ni 1.75. Uwiano huo ni wa uwanja na dereva wake. Sproketi haiugusi, isipokuwa kwa kiasi kidogo mno. Yule aliyeng'ang'ania 11,500 anatoka kwenye kona akiwa na mizunguko chini ya 6,600, pale mstari unapojikokota. Anayekubali kukivuka kilele hadi 13,300 anatoka na 7,600. Huyu wa pili anapoteza kidogo mwishoni na kupata zaidi mwanzoni.

Lakini grafu ina ujanja mwingine, na huu naona ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Mhimili wake wa chini umegawanywa sawasawa, elfu kwa elfu, ilhali sproketi hufanya kazi kwa kuzidisha. Ukitoka meno 82 hadi 83 nyuma, mbele yakiwa 12, unaongeza asilimia 1.2: mizunguko kama 160 ukiwa kwenye 13,000, lakini 90 hivi tu ukiwa kwenye 7,600. Jino lilelile hatua mbili! Anayesogeza masafa yake ya kazi kwa rula juu ya karatasi atakuwa anakadiria visivyo.

Kifaa cha usukani, kama MyChron ya AiM, hutoa mchoro wa pili: mizunguko ya injini katika raundi nzima. Huu husomwa vizuri zaidi, ila nao angalia mhimili wake. Ukichorwa kwa umbali, mita za kutoka kwenye kona hupewa nafasi sawa na mita za mwisho wa sehemu iliyonyooka, ingawa zile za kwanza huchukua muda mara 1.75. Ukichorwa kwa muda, sehemu ya polepole inatanuka na kudai haki yake. Kwa uamuzi wa sproketi mimi ningeanza na huu wa muda, halafu saa ya raundi ndiyo iamue kati ya meno mawili yanayokaribiana.

Kuna jambo ambalo mashine ya kupimia nguvu haiwezi kulichora: gokati nyingine iliyo mbele. Ukimfuata mtu kwa karibu, upinzani wa hewa hupungua, na kasi ya mwisho hupanda. Kwa sproketi iliyokupa 13,300 kwenye kilomita 98, kidhibiti kinakungoja kwenye 103. Ndiyo maana sproketi iliyong'ara wakati dereva akikimbia peke yake kutafuta nafasi ya kuanzia huweza kumnyima nafasi ya kupita mwenzake mchana huohuo, injini ikikoroma kwenye 14,000 huku gokati ya mbele ikibaki palepale.