Mpokezi wa Wasia: Pauline Opango katika Barua ya Mwisho ya Lumumba

Barua ambayo Patrice Lumumba alimwandikia mkewe, Pauline Opango, kutoka kifungoni, muda mfupi kabla ya kuuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, imesomwa sana kama hati ya kisiasa. Wasomaji wengi huichukua kuwa wasia kwa taifa, na jina la anayeandikiwa hulipita upesi. Usomaji huo una haki yake, kwani sehemu kubwa ya barua yahusu uhuru, Ubelgiji, Umoja wa Mataifa na heshima ya Afrika. Hata hivyo, swali la msingi linabaki: katika maandishi haya, mke wa kiongozi amepewa kazi gani?

1. Umbo la barua

Kwa upande wa fani, barua inafunguliwa kwa kumwita mwenza, na mwishoni inamrudia. Katikati, nafsi ya pili inafifia; "wewe" wa ndoa anamezwa na "sisi" wa wananchi. Hata mwandishi anapowakumbuka watoto, ambao huenda asiwaone tena, hamwagizi mama yao kwa kumtaja. Anataka tu waambiwe kwamba nchi yao ina kesho njema. Atakayewaambia hatajwi. Lugha nayo ina maana yake. Mume na mke wote ni Batetela wa Sankuru, lakini barua imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ya dola. Hiyo ni dalili kwamba wasomaji wengine walitazamiwa nyuma ya bega la mke.

2. Wasia katika fasihi ya Kiswahili

Ulinganisho na Utendi wa Mwana Kupona unafaa hapa, kwa kuwa utendi huo nao ni wasia uliotoka katika nyumba ya mtawala. Mwana Kupona binti Msham alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepigana miaka mingi na Sultani wa Zanzibar. Aliutunga mwaka 1858, mumewe akiwa amekwisha kufa, na akamwelekezea binti yake. Humo mjane ndiye anayenena, na vita vya mumewe havina nafasi kubwa. Binti anaitwa, anafundishwa, anaombewa. Katika barua ya Lumumba mambo yamegeuka: mume ananena, vita vinatawala, na mke anapokea. Mwana Kupona alipata kalamu. Pauline alipata bahasha.

3. Kilio kama jibu

Karibu na mwisho, barua inamsihi mke asilie. Ombi hilo ni la upendo, na pia ni la siasa: machozi yasije yakafanana na kushindwa. Lakini tarehe 14 Februari 1961, siku moja baada ya wakuu wa Katanga kutangaza kifo, Pauline alipita katika njia za Léopoldville akiwa kifua wazi, akifuatana na waombolezaji, kwenda kwa Umoja wa Mataifa kudai maiti ya mumewe. Anayeitazama picha ya siku ile akaona uchi tu, hajaisoma. Mwili wa mjane ulivaa matanga mbele ya walimwengu, ukauliza jambo ambalo barua haikuligusa: marehemu yuko wapi?

Swali hilo lilidumu kuliko hotuba nyingi. Maiti ilikuwa imeangamizwa, na mjane hakupewa kitu cha kuzika. Alifariki Kinshasa mwezi wa Desemba 2014. Jino moja, lililohifadhiwa Ubelgiji, lilirudishwa kwa familia mwezi wa Juni 2022 na kuwekwa kaburini Kinshasa tarehe 30 ya mwezi huo.

Hitimisho

Yawezekana kupinga kwamba maombolezo si maandishi, na kwamba mhakiki hana haki ya kuyasoma kama jibu la barua. Lakini fasihi simulizi, ambayo vyuo vyetu huifundisha, haitenganishi neno na mwili unaolitamka, na kilio ni utanzu wake wa kale. Wala si haki kumlaumu mfungwa kwa kuwasemesha wananchi kupitia mkewe. Njia nyingine hakuwa nayo. Lawama ni ya usomaji uliofuata, uliotukuza wasia ukamsahau mpokezi. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Pauline alikuwapo, na lake lilisikika barabarani. Barua ya mume na matembezi ya mjane yafaa kufundishwa pamoja, kwani moja lilitoa ahadi kwa historia, na la pili lilidai deni.