Nani Anayesema "Hu-"? Imani Zilizojificha katika Desturi za Wasuaheli

Wengi wetu tumekisoma kitabu cha Desturi za Wasuaheli kwa sababu ya mtihani. Kilichapwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, kwa uhariri wa Carl Velten, na sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Katika semina zetu tumezoea kukifanya ghala. Ukitaka habari za jando unaingia, unachukua, unatoka. Ukitaka za arusi, vivyo hivyo. Nami nilikisoma hivyo mpaka nilipofika kwenye habari za watumwa, nikakuta mkono wangu mwenyewe umo humo ndani.

Nieleze. Nimezaliwa na kukulia Bagamoyo. Kila yaliposomwa maulidi nyumbani kwetu, alikuwapo mzee mmoja wa jirani aliyekaa mlangoni, pale watu wanapovua viatu. Akiambiwa "Karibu mbele, mzee," alicheka tu na kusema hapa panatosha, pana upepo. Sikumsikia mtu akimkataza kupita mbele. Wala sikuuliza. Miaka ikapita, nikaingia chuo kikuu, na siku moja nikapewa kazi ya kupokea wageni kwenye arusi ya binamu yangu. Akaja mjukuu wa yule mzee, mwalimu wa sekondari, kavaa kanzu nzuri kuliko yangu. Nikamwamkia kwa heshima zote, kisha mkono wangu ukamwonyesha jamvi la mlangoni. Mbele palikuwa na nafasi tele. Akanitazama kidogo, akakaa.

Jamani, sikushtuka! Nilikuja kushtuka baadaye, nikiwa maktaba, na kitabu cha Mtoro mbele yangu. Mtoro anaeleza kwamba zamani mtumwa hakuwa na ruhusa ya kuvaa kofia, wala viatu, wala kanzu ndefu; na kwamba akienda matangani au arusini hakukaa pamoja na waungwana. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922. Mimi sikuuona, na bibi yangu pia hakuuona. Hakuna aliyenikalisha chini akanifundisha kwamba watu wa nyumba ile ni wa mlangoni. Lakini nilijua. Nilijua bila kujua kwamba najua.

Makala haya yanajaribu kujibu swali moja: imani ya namna hiyo inakaa wapi, na fasihi inaweza kuifanya nini?

Jibu la kwanza nimelipata katika sarufi. Desturi ina kiambishi chake, nacho ni "hu-". Mtoto akizaliwa watu hufanya hivi. Bwana arusi akitoka watu husema vile. Sasa tazama: "ninafanya" ina mtu, "wanafanya" ina watu, lakini "hufanya" haina kiambishi cha nafsi. Mimi hufanya, wewe hufanya, wao hufanya. Kitenzi hicho chenyewe hakimwonyeshi mtendaji, kwa hiyo ni rahisi kumsahau, na tendo lisilo na mwenyewe halina wa kuulizwa. Nadhani hapo ndipo imani hukaa, chini ya fahamu, mahali pa "hu-". Haiji kama wazo ambalo mtu anaweza kulikubali au kulikataa. Inakuja kama mahali pa kukaa, namna ya kuamkia, sahani ya kumpa fulani kwanza na fulani baadaye. Mtoto huisoma kwa macho kabla hajaweza kuuliza.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba hii si sauti ya Mtoro peke yake. Velten alikuwa akikusanya habari kwa ajili ya wasomaji wake wa Kijerumani, na ukimuuliza mtu "Ninyi Waswahili hufanyaje?", atajibu kwa "hu-". Nakubali. Tena namsifu Mtoro kwa jambo moja kubwa: sheria zile za kofia na viatu hakuzipamba wala hakuzificha. Bila yeye nisingejua mkono wangu ulijifunza wapi. Ila namlaumu kwa hili: anatuonyesha mtumwa asiyevaa kofia, hatuonyeshi kichwa chake kinafikiri nini. Na neno lake "zamani" linamtuliza msomaji mapema mno, kana kwamba lililokatazwa jana limetoka katika viungo vya watu leo.

Maisha yake mwenyewe yanalijibu neno hilo. Mtoro alioa mke wa Kijerumani, na mwaka 1905 walipofika Dar es Salaam kwa meli, wakubwa wa koloni hawakukubali mke na mume wale washuke waishi pamoja nchini. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Yule mwungwana aliyeandika ni nani hakai na nani, sasa yeye mwenyewe akaonyeshwa pa kukaa. Wajerumani nao walikuwa na "hu-" yao: mzungu huoa mzungu. Walikuwa na vyuo, maktaba na maprofesa, na havikuwasaidia.

Nasema hivyo kwa sababu tunapenda kuamini kwamba elimu itaondoa kila kitu. Hapa ndipo Ebrahim Hussein anapotufaa. Tamthilia yake ya Mashetani (1971) inawahusu Juma na Kitaru, wote wasomi wa chuo kikuu. Wanaanza kwa mchezo: mmoja shetani, mwingine binadamu. Mchezo unakwisha, lakini akili ya Kitaru haitulii tena, mpaka anaonekana mgonjwa. Darasani tumefundishwa kumsoma shetani huyu kama ukoloni na ukoloni mamboleo, na kuwasoma vijana hawa kama matabaka mawili baada ya Mapinduzi. Sipingi. Lakini usomaji huo unamweka shetani nje, mbali nasi, tumpige mawe kwa pamoja. Mimi naona Hussein amemweka ndani. Usomi wa Kitaru haumkingi. Kinachomsumbua kinamwanzia pale anapocheza, yaani pale alipotakiwa kusimama na kusema "mimi".

Na kusema kweli, watu wa mwambao walilijua jambo hili kabla ya Freud kutoa kitabu chake cha ndoto mwishoni mwa mwaka 1899. Mtoro mwenyewe anaeleza ngoma za pepo. Fundi hampigi mgonjwa mawaidha. Anapiga ngoma mpaka pepo apande, kisha anamuuliza: jina lako nani, unataka nini? Pepo asiyetaja jina haondoki. Sidai kwamba tumwamini pepo. Nadai kwamba mpangilio ule una akili: kwanza kiite kilichojificha, kipe jina mbele ya watu, kisha mpatane tendo jipya la kufanya. Jukwaa nalo hufanya hivyo hivyo, na pengine si ajabu kwamba Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, kimestawi katika mji wa Bagamoyo.

Kwa hiyo kwangu mimi imani ya chini ya fahamu hubadilika kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kuitoa kwenye "hu-" na kuitia kwenye "ni-". Si "watu wa nyumba ile hukaa mlangoni", bali "nilimkalisha mlangoni". Ya pili ni kutenda kinyume, tena hadharani, mara nyingi, mpaka viungo vizoee. Wale waliokatazwa kofia hawakungoja waungwana wabadili mawazo. Walipopata uhuru walivaa, na macho ya mji yakalazimika kuzoea. Fasihi inaweza kutusaidia hatua ya kwanza. Ya pili hakuna kitabu kitakachotufanyia.

Likizo iliyopita nilikwenda kwa yule mwalimu, nikamwambia nilichofanya, kwa "ni-". Alicheka kama babu yake. Akasema aliuona mkono wangu, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mguu wake ulikuwa umeshageukia mlangoni kabla sijamwonyesha. Nilikuwa nimekwenda kuungama imani yangu, kumbe zilikuwa mbili, na nusu ya pili ilikuwa kwake. Maulidi ya baadaye tulipita mbele pamoja. Hakuna aliyesema neno. Wazee wawili walitazamana, na mimi, sifichi, nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu msikitini.

Ninachowaomba wanachuo wenzangu na walimu wetu ni kidogo. Tukirudi kwenye Desturi za Wasuaheli, tusikifanye ghala tena. Kila tukikuta "hu-", tuulize: nani? Na tukishauliza, tuitazame mikono yetu.