-NGE- NA -NGALI-: HADITHI TANGULIZI KATIKA MCHEZO WA "CRISIS CORE"

Sarufi za Kiswahili, na hasa ile ya E. O. Ashton iliyotoka mwaka 1944, hutenga viambishi viwili vya sharti. Asemaye "angekuja, angekula" huacha mlango wazi: huenda mgeni akaja, na chakula bado kipo. Asemaye "angalikuja, angalikula" amekwisha kufunga mlango, maana mgeni hakuja na sufuria imeoshwa. Katika usemi wa kila siku mpaka huo umefifia, na wengine husema -ngeli- mahali pa -ngali- bila kujali ni sharti la namna gani. Walimu wengi wamechoka kuutetea. Hata hivyo ziko kazi za sanaa ambazo haziwezi kuelezwa sawasawa pasipo tofauti hiyo. Mojawapo ni mchezo wa kompyuta uchezwao kwenye mashine ndogo ya mkononi, jina lake "Crisis Core: Final Fantasy VII". Ulitolewa na kampuni ya Square Enix huko Japani tarehe 13 Septemba 2007, kwa ajili ya mashine ya PlayStation Portable, chini ya uongozi wa Hajime Tabata, na mwaka uliofuata ukafika Marekani na Ulaya.

Kazi ya namna hii, itungwayo baadaye ilhali yasimulia yaliyotangulia, haina jina lililozoeleka katika Kiswahili. "Utangulizi" na "dibaji" ni maneno yaliyokwisha kushikwa na kurasa za mwanzo za kitabu. Hapa itaitwa hadithi tangulizi, mpaka wenye ujuzi wa istilahi watakapoona bora zaidi.

Mchezo wenyewe umejengwa juu ya mwingine, "Final Fantasy VII" wa mwaka 1997. Katika ule wa kwanza shujaa ni Cloud, kijana anayejidai kuwa askari wa daraja la juu na kusimulia mambo aliyoyatenda vitani. Baadaye yadhihirika ya kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo si zake. Ni za mwenziwe aitwaye Zack, ambaye hutokea kwa muda mfupi tu, naye amekwisha kufa kabla ya hadithi kuanza. Msichana Aerith, muuza maua, aliwahi kumpenda Zack; naye huuawa katikati ya mchezo huo wa 1997, jambo ambalo wachezaji wa dunia nzima hawajalisahau. Miaka 10 baadaye Tabata na wenzake wakamtoa Zack kaburini, wakamtia mikononi mwa mchezaji, wakamwambia: mwendeshe. Mchezaji, basi, hubonyeza vitufe kwa niaba ya mtu ambaye mauti yake ameyajua tangu zamani. Kila pigo la upanga ni la -nge-: nikiruka upande huu ningeokoka, nikitumia dawa hii ningeshinda. Hadithi nzima ni ya -ngali-. Huzuni ya kazi hii hutoka katika mgongano huo wa mkono na habari, wala haihitaji machozi ya waigizaji.

Swali ambalo mhakiki wa Kiswahili hana budi kuliuliza ni hili: je, huzuni hiyo yamfikia asiyeujua mchezo wa kwanza? Mahali pazuri pa kulipima ni nyanda za juu za Kigoma, katika wilaya za Kasulu na Kibondo, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni ya vitu. Mchezo haukutolewa kwa Kiswahili, sembuse Kiha. Kioo cha mashine ile ni cha inchi 4.3, aionaye sawasawa ni mmoja tu, yaani yule aliyeishika. Tena kwa miaka mingi miji ya Kasulu na Kibondo ilipata umeme kwa mitambo ya dizeli, hadi mwaka 2022 ilipofikiwa na gridi ya taifa. Betri ya saa chache ilikuwa mali ya kuhesabiwa. Mchezaji aliyeketi huko na wenziwe wamemzunguka asingeweza kucheza kimya kama mchezaji wa Tokyo ndani ya treni. Angelazimika kusimulia. Kazi hiyo si ngeni katika Tanzania. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia sifa kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake juu ya sauti za wenyewe, akiongeza maelezo, mizaha na maonyo ambayo mtunzi wa filamu hakuyaweka. Msimulizi wa aina hiyo haogopi kuutangulia mkasa. Huwaambia watazamaji ya kwamba fulani, maskini, hajui lililo mbele yake. Lisilosemwa na mchezo, ambao hunyamaza na kutegemea kwamba mchezaji amekwisha kuijua habari, lingesemwa na yeye.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Nchi ya Buha imepakana na Burundi, na Kiha na Kirundi ni lugha za ukoo mmoja, zinazokaribiana sana. Tangu mwaka 1972 watu wamevuka mpaka huo kwa makundi, nao wamesimulia. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipoingia upya. Hadithi za watu hawa aghalabu ni hadithi tangulizi: za nyumba kabla haijachomwa, za jirani kabla hajageuka. Asikilizaye anaujua mwisho, kwa sababu mwisho ndio huo umeketi mbele yake ukisimulia. Mtaalamu Liisa Malkki, aliyefanya uchunguzi miongoni mwa wakimbizi Warundi mwaka 1985 na 1986, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi wakazi wa makazi ya Mishamo, kusini mwa Kigoma, walivyoisimulia historia ya kwao hata kila tukio la kale likaonekana linaelekea mwaka 1972. Wenzao waliokaa mjini Kigoma, wakichanganyika na wenyeji, hawakuisimulia hivyo. Tofauti hiyo yafaa kukumbukwa na wale wanaodhani kwamba tukio likishapita hulazimisha namna moja tu ya kulieleza.

Ikiwa hivyo, msikilizaji wa Kasulu au Kibondo hahitaji kufundishwa sanaa ya hadithi tangulizi. Anachohitaji ni kuambiwa mwisho. Hapa ndipo kazi ya Tabata inapopungukiwa, na ndipo yafaa kuilinganisha na kazi ya pwani ambayo wasomaji wa jarida hili wanaijua.

Kisa cha Fumo Liyongo kilichapishwa na Edward Steere katika mkusanyo wake wa mwaka 1870, na baadaye Muhammad Kijumwa wa Lamu akakitungia utenzi. Hakuna aliyekisikiliza kwa kutaka kujua kama Liyongo atapona. Atakufa, tena kwa mkono wa mwanawe. Utamu na uchungu wa kisa umo katika ile njia, na zaidi katika jambo moja lililowekwa mapema: mwili wake haudhuriwi na silaha yoyote ila sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Sindano ile ni kazi kubwa ya ufundi. Yaruhusu shujaa awe na nguvu kupita kiasi pasipo kuharibu ukweli wa kufa kwake, na yamfanya msikilizaji aione -ngali- tangu mwanzo: angalinyamaza, asingalikufa. Siri aliitoa mwenyewe kwa ulimi wake.

Zack hana sindano. Nalo si jambo dogo, maana mchezo umemlimbikizia nguvu bila kiasi. Pamoja na mkasa mkuu ziko kazi ndogo 300 ambazo mchezaji anaweza kuzifanya wakati wowote, nyingi zikifanana kama punje za mtama: ingia pangoni, ua wanyama, toka na kitu. Kwa mashine ya mkononi kazi fupi zina faida yake, kwa kuwa mtu huweza kumaliza moja kabla ya betri kwisha. Lakini mchezaji mwenye bidii huzitimiza zote 300, na katika ile ya mwisho humshinda adui mwenye umbo la mungu wa kike, kisha humrudisha Zack katika mkasa mkuu ili apigwe risasi na askari wa miguu wa kawaida. Liyongo asingalikufa hivyo. Mtunzi wa pwani angaliona aibu kumwua shujaa kwa wingi wa watu tu baada ya kusema kwamba wingi haumwezi. Wateteao mchezo husema kwamba Zack amechoka, kwamba amekaa miaka minne akiwa mfungwa wa majaribio ya kitabibu, kwamba anamlinda mwenziwe asiyejiweza. Yote ni kweli katika hadithi, lakini vitufe havijui habari hiyo. Mpaka karibu na mwisho mkono wa mchezaji haujahisi uchovu wowote.

Iko kasoro nyingine, nayo ni Genesis. Huyu ni askari mwasi ambaye kila atokeapo hutamka beti za tamthilia ya kubuniwa iitwayo "Loveless". Makusudi ya watunzi yaeleweka: walitaka kuwe na maandiko ya kale yanayotabiri mkasa, kama ndoto itabirivyo katika tenzi. Lakini ubeti unaotajwa mara nyingi pasipo kubadilika maana huchosha, na msimulizi wa Kasulu, mwenye betri ya kuhesabu, bila shaka angemruka Genesis kila mara bila hasara.

Waama pale kazi hii inapofaulu, hufaulu kwa namna ambayo utenzi hauwezi. Kuna upanga ambao baba wa Angeal, mwalimu wa Zack, aliununua kwa deni ili kumheshimu mwanawe, hata akafa kwa kazi ya kulilipa. Angeal huubeba mgongoni asiutumie ila kwa nadra, kwa maana kutumia ni kuchakaza. Zack analazimika kumwua mwalimu wake kwa mkono wa mchezaji, naye huurithi. Na yeyote aliyeucheza mchezo wa 1997 anajua upanga huo utaishia wapi. Kisha kuna barua za Aerith. Zack atokapo kifungoni hupata moja tu: ni ya 89, na mwandikaji asema haitafuatwa na nyingine. Zile 88 hazikumfikia. Wengi katika kambi za Kibondo na Kasulu wametuma na kungojea ujumbe wa Msalaba Mwekundu wa kutafuta ndugu waliopoteana, na kwao jambo hilo halihitaji mfasiri. Barua husema kwa -nge-, maana mwandikaji hajui. Aisomaye huisoma kwa -ngali-.

Ufundi mkuu, hata hivyo, umo katika kifaa ambacho mwanzoni chaonekana upuuzi. Muda wote wa mapigano, pembeni mwa kioo, huzunguka magurudumu matatu yenye sura za watu ambao Zack amewajua. Sura tatu zikilingana, kumbukumbu ya mtu huyo huonyeshwa na Zack hupata nguvu mpya. Wahakiki wengi walilalamika kwamba ni mchezo wa kamari uliotiwa ndani ya mchezo mwingine, na lalamiko lao lina haki: mtu hapandi daraja kwa ustadi, hupanda kwa magurudumu kuafikiana. Lakini ifikapo vita ya mwisho, juu ya jabali nje ya mji wa Midgar, askari wakija wimbi baada ya wimbi, magurudumu yale huanza kukwama. Sura hufifia na kufutika moja baada ya moja, na ya Aerith ndiyo ya mwisho kushikiliwa. Mchezaji aliyekuwa akiyadharau kwa saa 20 au 30 sasa huyaomba yasimame mahali pake. Hayatii. Vitufe vingali vyabonyezeka, Zack angali ainua upanga, na kila pigo ni dogo kuliko lililotangulia. Hapo tu ndipo mkono wapewa habari ambayo kichwa kilikuwa nayo tangu mwanzo. Msikilizaji wa utenzi aweza kulia. Hawezi kuombwa aendelee kupiga. Toleo jipya la Desemba 2022, lililotengenezwa pia kwa mashine ya mkononi ya Nintendo Switch, lilibadilisha mengi katika mapigano na sura za watu, lakini liliyahifadhi magurudumu na kushindwa kwake.

Basi jibu la swali la hapo juu ni nusu kwa nusu. Asiyejua lolote la 1997 atamwona kijana mchangamfu aliyekufa kwa ushujaa, atasikitika, ataondoka. Akiwa na msimulizi wa kumwambia kwanza kwamba Zack atakufa na kwamba mwingine atavaa kumbukumbu zake kama nguo, ataiona kazi yenyewe. Hofu ya siku hizi, kwamba mwisho ukitajwa hadithi imeharibiwa, haina nguvu hapa.

Limebaki tatizo moja la tafsiri, nalo lingemkabili msimulizi huyo dakika ya mwisho. Akiisha kumkabidhi Cloud upanga, Zack hubaki peke yake chini ya mvua, na neno lake la mwisho ni swali: auliza iwapo amekuwa shujaa. Mfasiri mwenye kufuata huzuni ya mkasa atavutwa na -ngali-, amfanye Zack aseme juu ya shujaa ambaye angalikuwa. Mfasiri mwenye kutaka hadithi tu atatumia -li-, kana kwamba jambo limepita. Lakini mtunzi amemwacha mtu huyu aulize juu ya hali aliyomo sasa, ambayo kufa hakujaiondoa. Kiswahili kina kiambishi kwa ajili ya hali hiyo, nacho ni -me-.